Kariakoo huuzwa chini

Siku za kuelekea Idi, kwenye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, hutembei, unatembezwa. Mama aliye mbele yako akisimama kuulizia viatu vya mtoto, watu hamsini nyuma yake wanasimama naye. Kuli anapiga kelele za "njia, njia!" huku furushi la vitenge limemfunika mpaka machoni, na hakuna anayejua ampishe upande gani, maana kulia kuna meza ya saa na kushoto kuna kijana katandika nailoni chini, kamwaga nguo za ndani za bei moja. Mgeni akiona hali hiyo atasema Kariakoo imejaa. Amekosea kidogo. Kariakoo imejaa chini tu.

Wiki chache zilizopita nilikwenda kutafuta mapazia. Fremu ya duka ya kwanza niliyoingia ilikuwa na upana wa hatua nne au tano, na ndani yake nilihesabu wafanyabiashara watano. Mmoja ana kaunta ya kioo ya chaja na kava za simu, wa pili anauza miwani, wa tatu vipodozi, wa nne anabadilisha vioo vya simu kwenye kimeza cha ukubwa wa sinia, na wa tano, kwenye kona, ni wakala wa miamala. Wa mapazia, nikaambiwa, yuko ghorofa ya tatu. Winga, dalali anayewapeleka wateja madukani, akanishika mkono kabla sijajua ngazi ziko wapi, na kwa kweli nisingezijua: zilikuwa nyuma ya jengo, kupitia uchochoro wenye maji yaliyotuama. Ghorofa ya kwanza ilikuwa na maduka mawili yaliyo wazi. Ya pili ilikuwa makufuli matupu, katoni zimepangwa mpaka kwenye korido. Ya tatu nikamkuta mama wa mapazia katika chumba kinachoweza kumeza fremu tatu za kule chini, feni inazunguka, binti yake anachezea simu, mteja hakuna. "Bila mawinga hawa, mwanangu, ningeshafunga," akaniambia, akimtupia winga wangu jicho la mtu anayejua kwamba atamlipa. Nilipomdadisi kodi, nikakuta kodi ya chumba chake chote haitofautiani sana na ile anayolipa kijana wa chaja kwa kaunta yake ya urefu wa mkono.

Hesabu ya Kariakoo yote imo humo. Bidhaa ya thamani kuliko zote pale ni ule ukanda wa hatua sita au saba kati ya ukuta na lami, mahali ambapo mpita njia anaweza kuona kitu, kukishika, kuuliza bei na kuendelea na safari yake bila kupanda ngazi. Ugomvi mwingi ambao Kariakoo imeufikisha magazetini, ukiuchimba, utakuta unahusu ukanda huo: nani akae, nani alipe, nani apishe. Na mipango mingi ya kuiboresha Kariakoo ambayo nimewahi kuisikia imeanzia mahali pengine kabisa. Imeanzia juu.

Ramani ndiyo iliyoturithisha ukanda wenyewe, kwa hiyo tuitazame kidogo. Mitaa ile iliyonyooka kama mistari ya daftari la hesabu ilipigwa na Wajerumani kuwa makazi ya Waafrika, ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja. Waingereza walipoingia wakaukamilisha utaratibu huo wa kutenga watu: Wazungu kanda yao, Uhindini kanda ya biashara, Kariakoo kanda ya tatu, na Mnazi Mmoja ukabaki katikati kama mpaka. Jina lenyewe ni la vita. Jengo la soko lililoachwa na Wajerumani lilitumiwa na jeshi la Waingereza kwa ajili ya wapagazi wake, Carrier Corps, na midomo ya watu ikalitengeneza jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Kwa mawazo ya watawala, basi, pale palikuwa mahali pa kulala watu weusi na kununua mboga zao. Biashara kubwa ilikuwa na kwao, na kwao kulikuwa Uhindini.

Biashara iliingia Kariakoo kwa kupitia barazani. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, ilitazama mtaa kwa baraza. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Asubuhi baraza ni la chai na vitumbua, mchana fundi anaweka cherehani yake, alasiri wazee wanacheza bao, jioni mama anakaanga samaki. Chumba cha mbele kikitobolewa dirisha kinakuwa duka, na dirisha likipanuliwa linakuwa mlango. Hata siasa ilikaa kwenye mitaa hiyohiyo; TANU, iliyozaliwa Julai 1954, ilikuwa na ofisi yake New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Sitaki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Vyumba vilikuwa na joto, vyoo vya uani vilikuwa vya kugombania, na mvua ikinyesha Jangwani kila mtu aliisikia harufu yake. Ila jambo moja lilikuwa limekaa sawa: mwenye nyumba alimiliki baraza, akalifagia, akajua nani amekaa pale na kwa nini.

Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya aina hiyo. Sitautaja mtaa, kwa sababu kesi za kifamilia haziishi. Akaja mwekezaji na mkataba wa ubia, kama walivyokuja kwa majirani: shangazi aweke kiwanja, mwekezaji aweke fedha, likisimama jengo wagawane. Likasimama ghorofa saba. Shangazi akapewa mbili, ya nne na ya tano. Mwekezaji akabaki na zilizobaki, ikiwemo ya chini, kwa miaka mingi kabla ya jengo kurudi mikononi mwa familia. Binamu zangu walisherehekea. Ghorofa mbili nzima, kwa watu waliozoea vyumba sita! Hakuna aliyewaambia kwamba mita moja ya mraba pale mlangoni ina thamani kuliko korido nzima ya huko juu. Hadi leo ghorofa ya tano ina mpangaji mmoja anayehifadhi marobota, analipa anapojisikia. Mkataba haukuwa wa wizi, mwanasheria aliusoma. Ulikuwa tu mkataba ambao upande mmoja ulijua Kariakoo huuzwa wapi na upande wa pili haukujua.

Jengo lile, kama majirani zake, lilijengwa mpaka ukingoni mwa kiwanja. Baraza likameezwa ndani ya fremu. Lakini mtu wa barazani hakufa, alihama hatua mbili mbele, akakaa juu ya mtaro. Huyo ndiye tunayemwita machinga. Jina lilitokana na vijana wa Kusini, wa Lindi na Mtwara, walioingia mjini kutafuta maisha, na siku hizi linambeba yeyote anayeuza bila kuta. Tulipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa katikati ya miaka ya 1980, na Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, akaifungua milango zaidi, mizigo ikaanza kumiminika, kwanza ya Dubai, baadaye ya Guangzhou. Wateja nao wakaja na mabegi matupu kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni. Bidhaa zikawa nyingi kuliko milango. Mfereji wa maji ya mvua ukawa mlango.

Watu hupenda kusimulia habari ya mwenye fremu na machinga kama habari ya paka na panya. Ni nusu ya ukweli. Nenda Kongo au Narung'ombe saa moja na nusu asubuhi, maduka yakifunguliwa, utaona nusu nyingine. Mwenye duka anamhesabia kijana pisi ishirini za fulana, mali kauli, hakuna karatasi. Jioni kijana atarudi na fedha au na fulana. Duka jingine lina fremu ndani na meza nje, na yule wa mezani unayemhurumia kwa jua ni mwajiriwa. Kinachouzwa ndani kinapaswa kutoka na risiti ya EFD, mashine ya kodi. Kinachouzwa mezani kinatoka na mfuko wa nailoni, kama bado unapatikana. Kwa hiyo mwenye duka anamlalamikia machinga mchana kwenye kikao, na asubuhi anampa mzigo. Simlaumu. Kodi ya fremu inalipwa miezi sita au mwaka mzima mbele, na kabla ya kodi kuna kilemba, ile fedha ya kununua tu haki ya kuipanga fremu kutoka kwa aliyekuwepo. Mtu aliyekwisha kulipa kiasi hicho kwa ajili ya mlango atafanya kila njia mlango ule uzae, hata kwa kuunyoosha mpaka katikati ya barabara.

Serikali nayo imelikamata tatizo hili kwa mikono miwili inayopishana. Kuna mkono uliojenga jengo la Machinga Complex pale Karume, Ilala, lililokamilika karibu na 2010 kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: jengo la ghorofa kwa ajili ya mtu ambaye riziki yake yote ni kuwa chini, mbele ya mpita njia. Vizimba vya juu vilikaa vitupu kwa miaka. Vijana walipewa, wakavifunga, wakarudi barabarani, na sisi waandishi tukaandika kwamba hawana shukrani. Kuna mkono uliotoa vitambulisho vya shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018, na kwa muda machinga akakaa anapotaka, mbele ya mlango wa mtu, juu ya mtaro, kwenye kituo cha basi. Kisha Oktoba 2021 mkono ukageuka, meza zikaondolewa, na Kariakoo ikaonekana upya. Niliona rangi za kuta ambazo sikuwahi kujua zipo. Kwa wiki kadhaa tulitembea kwa raha. Waliohamishwa walipelekwa maeneo mengi, mengine mbali na mteja kiasi kwamba nauli ya kwenda ilikuwa inakaribia faida ya siku. Mmoja mmoja, kwanza na mkononi, kisha na nailoni chini, kisha na meza, wakarudi.

Sababu ya kurudi kwao haihitaji utafiti. Miguu iko Kariakoo. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Mei 2016, na kituo chake cha Gerezani kikawa mwisho wa safari ya mtu wa Kimara, Mtaa wa Msimbazi umekuwa bomba linalomwaga watu kwenye mitaa ya pembeni kuanzia alfajiri. Ukimwondoa muuzaji mahali penye miguu, ataletwa tena na miguu hiyohiyo.

Sasa angalia maduka yalipofungwa. Mei 2023 wafanyabiashara waligoma siku kadhaa, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena, na mara hii miji mingine ikafuata. Manung'uniko yalikuwa mengi, kamatakamata ya wateja na mizigo ikiwa ya kwanza, lakini moja lilinigusa kwa sababu watu wa nje halikuwaingia akilini: usajili wa stoo. Kwa nini mtu agome kwa ajili ya stoo? Kwa sababu stoo ndizo zile ghorofa za pili, tatu na nne. Jengo ambalo kwa mchoro ni la maduka, kwa matumizi ni godauni lenye duka chini yake. Kuisajili stoo ni kuifanya serikali iyaone matumizi halisi ya jengo. Pande zote mbili zilikuwa zikigombania orodha ya mali, wakati mchoro mzima wa mtaa ulikuwa umekaa uongo tangu siku ya kibali cha ujenzi.

Na uongo huo una bei nyingine. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka pale Mchikichi na Kongo. Watu zaidi ya 25 walipoteza maisha. Wengine walitoa sauti kutoka chini ya zege kwa simu zao, na mji mzima ukawa unasikiliza. Taarifa zilizotolewa siku zile zilitaja uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini ya jengo ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Kamati iliundwa kukagua majengo mengine, na si kazi yangu hapa kuhukumu nani alikosea. Nataka tu tuujadili huo mwelekeo wa kuchimba. Mwenye jengo aliye na ghorofa tupu juu, kwa nini atamani kuchimba chini? Kwa sababu mteja anayekataa kupanda ngazi ishirini anakubali kushuka nane, mradi kutoka njiani aone taa na nguo zimening'inia. Nafasi ya chini ya ardhi, hata ikiwa na joto na maji yanayochuruzika, ni karibu na barabara. Ghorofa ya tatu ni mbali, hata ikiwa na lifti.

Mzee Beda Amuli alilijua hili. Alipochora Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, aliweka paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokusanya maji ya mvua, na chini ya kivuli hicho akaacha sakafu iliyo wazi. Kila niliposimama pale nilihisi ni mti mkubwa wa zege na watu wamekaa chini yake. Sehemu ya chini ya ardhi, Shimoni, ilikuwa na wafanyabiashara wake na wateja wake, kwa sababu mtu alishuka moja kwa moja kutoka kwenye msongamano. Moto wa usiku wa Julai 10, 2021 uliliunguza, na ukarabati pamoja na jengo jipya la pembeni yake umegharimu shilingi bilioni 28 na ushei. Fedha hiyo sina ugomvi nayo. Mtu akitaka kupima kama ilitumika vizuri, naomba asihesabu vizimba. Asimame mlango wa Mkunguni, aangalie kama mama aliyebeba kikapu anaingia bila kukata kona.

Msomaji wa Nairobi ataniambia nimechanganya mambo: Eastleigh watu wanapanda. Ni kweli, na Eastleigh ni somo zuri. Pale mwanzo ulikuwa nyumba ya wageni, Garissa Lodge, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi wa Kisomali waliigeuza vyumba vyake kuwa maduka: kila kitanda, duka. Majengo yaliyofuata yalijengwa kwa mfano huo, vibanda vidogo vidogo vinavyotazamana, na ngazi unakutana nazo ukiingia tu. Ukipanda unakuta mtaa mwingine, wenye kelele na watu, kwa hiyo hujisikii umetoka sokoni. Kwetu ngazi zimefichwa nyuma kwa sababu mbele ni ghali mno kupewa ngazi. Mwenye jengo anapata mlango mmoja zaidi wa kupangisha, na anapoteza ghorofa sita. Yeye haoni hasara, kwa sababu mlango unalipa leo na kwa kilemba, na ghorofa ni habari ya kesho.

Yapo majengo machache Kariakoo yaliyotoka kwenye mtego huo. Utayajua: ngazi pana katikati ya uso wa jengo, ghorofa nzima ni ya nguo za watoto au ya vipuri vya cherehani, na mtu anapanda kwa sababu anajua akifika atakuta maduka ishirini ya kitu hichohicho, atalinganisha bei. Mawinga pale ni wachache, kwa sababu jengo lenyewe ni winga.

Kuna anayeuliza kwa nini tujisumbue na eneo ambalo halijafa. Mahali penye watu wengi hivi panahitaji kufufuliwa nini? Jibu liko Ubungo. Palipokuwa kituo cha mabasi ya mikoani pamesimama kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa 2025, chenye maegesho na mahali pa kupakia. Mnunuzi wa Zambia aliyezoea kulala nyumba ya wageni ya Gerezani na kumsubiri kuli wake apenye na toroli ana pa kwenda sasa. Sidhani Kariakoo itakufa kwa hilo. Naona hatari nyingine: biashara ya jumla ikiondoka polepole, ghorofa zile za stoo hazitakuwa hata stoo, na mwenye jengo atauhamishia ule upungufu wote kwa mtu wa chini. Kodi ya mlango itapanda zaidi. Kaunta tano zitakuwa nane. Meza itasogea tena mbele.

Katikati ya wasiwasi huo limekuja agizo la Julai 2025 la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, uuzaji wa rejareja na utengenezaji wa simu ukiwemo. Kariakoo wengi walilishangilia, na hasira yao naielewa. Aliyeleta kontena kutoka kiwandani akikaa mlango wa jirani yako kuuza moja moja, huna pa kushindania. Lakini fremu ikiachwa na mgeni, kilemba chake hakishuki kwa sababu anayeingia ni mwenyeji.

Mimi ningeanza na chaki. Chukua mtaa mmoja, Kongo kutoka Uhuru mpaka Mkunguni, uchore chini. Hapa mita mbili za kupita mtu na mzigo, hakuna atakayezigusa, awe machinga au mwenye fremu anayetoa majaba yake nje. Hapa njia ya zimamoto. Hapa, upande mmoja tu wa mtaa, vipande vyenye namba, kila kimoja cha meza moja, na jina la anayekaa liandikwe na serikali ya mtaa kwenye daftari lililo wazi. Kipande kilipiwe kila siku kwa simu. Fedha hiyo isiende kwenye mfuko mkuu wa jiji kulipa posho. Ibaki kwenye mtaa huohuo kulipa mfagiaji, mlinzi, taa na, jamani, vyoo. Hakuna mtu anayezungumzia vyoo vya Kariakoo. Mama anayeuza kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku ananunua haja yake kwa siku mara tatu, na mahali penyewe mara nyingi ni ngazi za jengo fulani.

Wataniambia kuwapa machinga namba ni kuhalalisha uvamizi. Uvamizi umekwisha kuhalalishwa, ila kwa kificho. Jiji ndilo pekee ambalo machinga halilipi. Anampa mwenye fremu kwa kumsimamisha mbele ya mlango, anampa mlinzi wa usiku kwa kumtunzia meza, na akifika mgambo anatafuta cha kumpa. Ukanda ule una kodi kubwa, inakusanywa kila siku, haina risiti hata moja.

Kwa majengo ningeweka sharti dogo kwenye kibali, tena kwa yanayojengwa upya tu: ngazi zitazame barabara, na fremu za mbele zirudi nyuma hatua mbili chini ya kivuli cha ghorofa ya kwanza. Jambo hili si geni. Tembea Uhindini, majengo ya kizamani yana roshani zinazotupa kivuli juu ya njia ya miguu. Nenda Mombasa, Mtaa wa Biashara, mahali pa leso na kanga, utaona mteja anavyosimama chini ya kivuli akichagua jina la kanga kwa nusu saa bila kuzuia mtu. Kariakoo tulikuwa na kitu hichohicho, tukakiita baraza, tukakiuza pamoja na nyumba.

Na muda nao ni nafasi. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo saa 24, zikafungwa taa na kamera. Watu wengi waliuchukulia kama nafasi ya kununua viatu usiku wa manane, na kwa kweli wanunuzi wa viatu usiku wa manane si wengi. Faida ya usiku iko kwenye mzigo. Kontena zikifunguliwa saa tano usiku, guta na mikokoteni ikamaliza kabla ya alfajiri, mchana barabara itamrudia mwenye miguu. Kwa hilo inabidi makuli wakubali, na makuli wana chama chao na bei zao. Usiku ni bei nyingine. Kuna mtu amekaa nao? Kwenye mikutano ninayohudhuria naona viti vya wenye maduka, vya jiji, vya mamlaka ya mapato, na kwa siku hizi kimoja cha machinga. Mtu anayejua kwa mgongo wake upana halisi wa Mtaa wa Narung'ombe hana kiti.

Mapazia niliyanunua kwa yule mama. Kitambaa kizuri, na alinipunguzia. Nikishuka nilimkuta kijana wa soksi amekaa pale ambapo ngazi zingepaswa kuwa, mgongo wake kwenye ukuta, miguu yake juu ya mfuniko wa mtaro uliovunjika nusu. Nikamuuliza kipande hicho anamlipa nani. Akacheka, akaangalia pembeni, kisha akanyoosha kidole juu, kwa mwenye jengo, ghorofani.